Sura ya Nne: Kabla ya 1863

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imebeba ndani yake tarehe moja ambayo Watanzania wachache wamewahi kuisikia: 1863. Jengo, ngome au kaburi lililojengwa kabla ya mwaka huo linalindwa na sheria, hata kama hakuna ofisa aliyewahi kufika kuliangalia. Kifaa kinachobebeka, kama chungu au jembe, nacho kimo endapo kilitengenezwa kabla ya hapo. Milango ya kuchonga ilionewa huruma zaidi. Yenyewe inatosha iwe imechongwa kabla ya 1940. Majengo na maeneo mengine yanabaki nje mpaka Waziri mwenye dhamana ayatangaze katika Gazeti la Serikali.

Hesabu yenyewe yaelekea ilikuwa rahisi. Watunga sheria walirudi nyuma karne moja, wakapiga mstari. Mstari huo haukupewa miguu. Sheria ilirekebishwa mwaka 1979 na mstari ukaachwa palepale, kwa hiyo jengo lililokuwa na umri wa miaka 80 sheria ilipopitishwa limeshatimiza miaka 140, na bado linahesabiwa changa.

Kwa Kilwa mstari huu hauna madhara. Misikiti na makasri ya pale yana karne kadhaa. Lakini upeleke Kilimanjaro uone unachokata. Misheni ya Kilema ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikopandwa kahawa ya kwanza ya mlima huu: nje. Boma la Mjerumani la Old Moshi: nje. Mahali aliponyongwa mtawala wa Moshi, Mangi Meli, mwaka 1900: nje. Chama cha wakulima wa kahawa cha 1925, kilichozaa chama kikuu cha KNCU mwaka 1933 na kuwa mama wa ushirika katika nchi hii: maghala yake, ofisi zake na vitabu vyake vyote nje. Karibu kila ambacho mzee wa Kichagga angemshika mgeni mkono akamwonyeshe kimezaliwa upande usiofaa wa 1863.

Hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana waziwazi kama Kahe.

Ukitoka mjini Moshi ukashuka kuelekea kusini-mashariki, migomba ya vihamba, mashamba ya urithi ya Wachagga, inabaki juu, baridi inabaki juu, na ardhi inalala. Huku ni mpunga na mahindi, miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC inaonekana kwa mbali upande wa magharibi, na maji ya mlima yaliyopotelea ardhini huko juu yanaibuka kwenye chemchemi kama Miwaleni. Hii ni nchi ya Wakahe, watu wenye lugha yao, walio wachache kiasi kwamba wengi wa nje huwajumlisha na Wachagga bila kuuliza. Katikati ya tambarare hii inapita reli ya Tanga, na kwenye stesheni ya Kahe kuna njia panda: njia moja inakwenda Moshi, nyingine ilielekea mashariki hadi Taveta na Voi.

Njia panda hiyo ni kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ingawa haina kibao. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893 na wakafika Moshi 1911. Kilomita takriban 350 ziliwachukua miaka 18, kwa sababu fedha zilikatika mara kwa mara. Waingereza, kwa upande wao, walikuwa na reli ya Mombasa, na vita vilipoanza wakaona kwamba jeshi lao halitaweza kuingia Tanganyika bila maji na bila chakula kuletwa kwa treni. Mwaka 1915 wakaanza kutandika reli ya kijeshi kutoka Voi, wakikatiza nyika kavu kuelekea Taveta. Mwaka uliofuata chuma cha Voi kikaungana na chuma cha Tanga hapa Kahe. Reli mbili zilizojengwa na mataifa yaliyokuwa yakiuana zikawa reli moja.

Kabla ya hapo palipigwa mapigano. Mwezi Machi 1916 Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza, alikuwa ameshapita vilima vya Latema na Reata, akavuka mpaka, akaiteka Moshi tarehe 13. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akarudi nyuma na kujipanga kando ya mto Ruvu. (Huu ni Ruvu wa kaskazini, unaoishia Pangani, ule wa Bagamoyo ni mwingine.) Kuanzia tarehe 18 walipambana vichakani, na tarehe 21 wapanda farasi wa Afrika Kusini wakazunguka kutokea magharibi, wakashika kilima cha Kahe na stesheni. Usiku ule Wajerumani wakaondoka kufuata reli kuelekea Lembeni, daraja la reli juu ya Ruvu likiwa limevunjwa. Nyuma yao waliacha mzinga mmoja mzito baada ya kuulipua wenyewe.

Mzinga huo una kisa chake. Ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji na kuzamishwa huko Julai 1915. Mabaharia waliiopoa mizinga yake yote kumi, wakaitengenezea magurudumu au vikalio, na mizinga ya baharini ikasambazwa barani. Mmoja ukafika Kahe, umbali wa mamia ya kilomita kutoka maji ya chumvi. Leo mtu akitaka kuona mzinga wa Königsberg aende Fort Jesus, Mombasa, au Pretoria, mbele ya majengo ya serikali ya Afrika Kusini. Kahe hakuna hata kipande kilichowekwa juu ya saruji na kuandikwa jina.

Je, sheria ingesaidia? Uwanja wa vita wa 1916 haufiki 1863. Ukivuka mpaka uingie Kenya, sheria yao ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inatumia mwaka 1895, ambao nao hauufikii. Kwa hiyo tuta moja la reli linalovuka mpaka halilindwi lenyewe upande wowote. Linasubiri waziri wa huku na waziri wa kule. Tofauti ni kwamba wenzetu wa Taita-Taveta hawakusubiri. Tangu kumbukumbu ya miaka mia moja ya vita ilipokaribia, wamekuwa wakitangaza viwanja vya vita vya Salaita na Latema kwa wageni, na wapo waongozaji wanaojua nani alisimama wapi. Mtalii anamaliza simulizi mpakani, kama vile vita viliishia Taveta.

Pasipo na kibao, uvumi huandika chake. Tanzania nzima inajua habari za mali za Wajerumani: dhahabu iliyofukiwa, alama zilizochorwa juu ya mawe, ramani iliyobaki kwa babu wa mtu fulani. Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, watafuta hazina wamechimba mashimo katika eneo la Mungomi wa Kolo, wakiharibu tabaka za udongo ambazo kwa mwanaakiolojia ndizo hazina yenyewe. Ukweli mdogo unaourutubisha uvumi huu upo. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligonga kweli sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na baadhi yake leo zinauzwa minadani Ulaya kwa bei kubwa. Kutoka hapo matapeli wakapata mtaji: mtu anaambiwa rupia ya zamani ina madini ya ajabu, anauza ng'ombe, ananunua kipande cha shaba. Pale ambapo reli ya zamani, handaki la askari na stesheni ya Mjerumani viko pamoja, shimo la usiku halishangazi. Na kuna mchimbaji mwingine asiyehitaji hadithi yoyote, naye ni mnunuzi wa chuma chakavu. Taruma la chuma halimwambii kitu zaidi ya kilo zake.

Waliobeba vita hivi mgongoni ndio walioachwa bila alama kabisa. Moshi kuna makaburi ya kijeshi yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, Taveta yapo mengine, mawe meupe, nyasi zilizokatwa. Wapagazi waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa kwenye njia hizi hawamo. Mwezi Aprili 2021 tume hiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au pengine hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi wa wakati ule ulichangia. Kwa hiyo katika eneo kama Kahe urithi unaopaswa kulindwa ni pamoja na ardhi ambayo hatujui nani amelala ndani yake. Anayepima viwanja au kuchimba mtaro wa umwagiliaji anaweza kukutana na mifupa, na ingefaa ajue mapema amwite nani.

Juu ya mlima, suala la mifupa limeshafikia hatua nyingine. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Ukoo wa Meli umeshikilia tangu wakati huo kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake alitumia miaka mingi ya uzee wake akikidai. Kuanzia mwaka 2018 maonyesho juu ya habari hii yalifanyika Old Moshi, Dar es Salaam na Berlin. Kisha Septemba 2023 taasisi ya urithi wa Prussia mjini Berlin ikatangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba. Utafiti wao wa awali ulikuwa umepitia mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki na kukuta 202 ni ya Tanzania. Sasa mafuvu matatu ya Kilimanjaro yalikuwa yamepata ndugu walio hai. Moja, lililoandikwa "Akida", lililingana kabisa na mtu wa ukoo wa mshauri wa Meli. Mawili yalikaribia sana ukoo wa Molelia. La Meli mwenyewe halikuwamo.

Msomaji wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa kwa nini hili linauma. Katika desturi ya zamani ya Uchaggani fuvu la mkuu wa nyumba, baada ya muda wake ardhini, lilitolewa na kuwekwa kati ya mimea ya masale ndani ya kihamba, na kihamba hakikuwa kamili bila wenyewe hao. Mkusanyaji wa Kijerumani aliyelitia kwenye sanduku aliondoa sehemu ya shamba. Ndiyo maana nasita kila ninaposikia mpango wa kuyaleta mafuvu hayo na kuyaweka kwenye kabati la kioo Dar es Salaam. Fuvu la Mkwawa lilirudi mwaka 1954 likawekwa Kalenga, nyumbani kwake, miongoni mwa Wahehe wenyewe. Hiyo ndiyo njia ninayoitaka: taifa lisaini hati, ukoo uamue mahali.

Nirudi bondeni nikifuata maji kutoka juu, maana njiani kuna urithi wa aina ambayo mstari wa 1863 hauwezi kuugusa hata ungesogezwa miaka hamsini. Mfereji wa Kichagga, ule unaoshika maji ya kijito msituni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi kwenye migomba, ulikuwapo kabla ya wageni kufika. Wasafiri wa karne ya 19 waliustaajabia. Kwa tarehe, mifereji mingi ingefuzu. Lakini mfereji wa udongo haudumu. Kila msimu kingo zinabomoka, na wenye zamu wanatoka na majembe kuuziba, kuuchimbua na kuutengeneza upya, asiyetokea akatozwa faini. Udongo unaouona leo ni wa mwaka huu. Kilicho cha kale ni njia, zamu, faini, na mtu anayejua ni nyumba ipi inapewa maji alfajiri. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na nadhani lilielewa jambo hili kuliko sheria yetu wenyewe, kwa kuwa lilitambua kazi ya watu badala ya jengo.

Kahe inapokea mwisho wa maji hayo. Misitu yake, kama ule wa Rau ulio jirani na mji, haiishi kwa mvua, inaishi kwa maji ya chini ya ardhi yanayotoka mlimani. Ndani ya misitu hiyo umo mti wa msoo, unaopatikana katika misitu michache tu ya Kenya na Tanzania. Watu wa misitu wanaulinda kama mti. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inaihesabu chemchemi kama lita. Halmashauri inaona eneo la kilimo, na kwa kweli mpunga wa Moshi ya chini, uliopanuka sana tangu skimu iliyojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, unalisha watu wengi. Kila ofisi inafanya kazi yake. Hakuna ofisi ambayo kazi yake ni kuuliza wazee wa Kikahe ni chemchemi ipi haikuingiwa na viatu, na kwa nini. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa msamiati wa Kikahe mwaka 2008, na kitabu hicho ni chombo cha hifadhi sawasawa na uzio wowote. Mtoto wa kijiji cha Chekereni anaweza kukishika mkononi. Majina ya mahali, hata hivyo, bado yamo midomoni.

Hapa kuna mabishano ya kweli, nami sitaki kuyapita. Wapo wanaosema kitu kikitumika kinakufa: fundi ataweka bati jipya, atapaka rangi ya mafuta juu ya mbao za teki, atang'oa kengele ya stesheni. Wapo wanaosema kisipotumika kinakufa haraka zaidi. Reli ya Tanga ilitoa ushahidi kwa upande wa pili. Treni za abiria zilipokoma kupita kwa zaidi ya miaka 20, majani yalikula njia na vijana wakakua bila kujua ratiba ni nini. Desemba 2019 treni kutoka Dar es Salaam ikafika tena Moshi, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Tuta likasafishwa na watu wakaanza tena kuuza machungwa dirishani. Hakuna mradi wa makumbusho ambao ungeokoa urefu ule wote wa reli. Tawi la Voi halikupata bahati hiyo.

Lakini matumizi peke yake hayatoshi, na tangazo la serikali peke yake halitoshi. Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilikuwa na kila karatasi: imo ndani ya Mji Mkongwe, Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, jengo mashuhuri kuliko yote visiwani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, ikiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Nalitaja ili mtu wa Kahe asidhani kwamba Gazeti la Serikali litamfanyia kazi. Tangazo linampa haki ya kumshtaki mharibifu. Kuezua na kuezeka ni jambo jingine.

Kwa hiyo, kwa mahali kama hapa, ningeanzia chini. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka, chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, ya kutunga sheria ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi yake kwa matumizi kinayoyataka, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiwezesha kuwa na msitu wake wenyewe. Hakuna kati ya hizo inayotaja 1863. Chemchemi, kilima chenye mahandaki na makaburi yasiyo na majina yaliyo katika ardhi ya kijiji vinaweza kutengwa katika mpango wa matumizi ya ardhi bila kumsubiri mtu wa Dodoma. Stesheni na tuta la reli ni mali ya Shirika la Reli, kwa hiyo hapo kijiji hakiwezi kuamuru, ila kinaweza kuandika barua na kuomba kisikilizwe kabla jengo halijaguswa.

Kinachohitajika kwanza ni orodha. Mwalimu wa historia na wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuiandaa kwa muhula mmoja wakiwa na simu yenye kamera: jina la mahali kwa Kikahe na kwa Kiswahili, mipaka kwa miti na mawe yanayojulikana, nani mwenye ardhi, nani alisimulia na lini, picha nne kutoka pande nne. Wasiandike alama za mali ya Mjerumani. Mahali ambapo wazee wamekataa paonyeshwe, paachwe. Orodha yenye siri za watu ni ramani ya wezi. Isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wabishane, warekebishe, iingie katika muhtasari na kupigwa muhuri. Nakala moja iende halmashauri ya wilaya, ya pili iende Idara ya Mambo ya Kale ikiwa na ombi la maandishi la tangazo la Waziri kwa yale mawili au matatu wanayoyaona makubwa kuliko yote. Ya tatu ibaki ofisi ya kijiji, ndani ya sanduku la bati, kwa sababu kabati la mbao huko Kahe litaliwa na mchwa kabla Waziri hajajibu.